Nduthi ya Guka: Nani Hasa Aliilipia?

Wasee, kuna swali moja ambalo hakuna mtu huuliza kuhusu vitu vya zamani vya familia: vililipiwa na nani? Tunauliza vina miaka mingapi. Tunauliza vikiuzwa vitaleta ngapi. Tunavipiga video, tunaweka muziki wa pole pole, watu wanaangusha mioyo, tunasonga mbele. Lakini ile karatasi ya kuchosha, yenye jina, tarehe na pesa, hakuna mtu ana wakati nayo.

Mimi nimeitafuta miezi minne. Na nimeipata. Leo nawaambia ilisema nini, na pia ilinyamazia nini, kwa sababu hiyo ya pili ndiyo ilinifanya niandike hii kitu badala ya kurekodi klipu ya dakika moja.

Wenye mmekuwa hapa kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kila wiki lazima mtu aniulize, "Buda, utaenda wapi bila makaratasi?" Sasa cheka kidogo: huyu jamaa asiye na makaratasi ndiye familia nzima ilimtuma akatafute makaratasi ya nduthi.

Nduthi yenyewe ni Triumph Tiger Cub. Kama hujawahi kuiona, usifikirie ile mashine kubwa ya filamu. Hii ni ndogo. Injini ni 199cc, silinda moja, gia nne. Ukiisimamisha kando ya Boxer ya stage yenu, zinaangaliana macho kwa macho. Kiwanda kilizitengeneza kuanzia 1954 hadi 1968, na huko Uingereza vijana wengi walijifunzia barabara juu yake. Ya kwetu imekaa kwa stoo ya guka huko Murang'a, chini ya magunia ya kahawa, tangu kabla sijazaliwa. Tangi ina kutu, kiti kililiwa na panya, lakini ukikanyaga kiki bado inazunguka. Haiwaki, lakini inazunguka.

Kwa nini nitafute historia yake? Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni pesa. Kuna bwana mmoja huko Karen anayekusanya pikipiki za kitambo. Alikuja akaangalia, akapapasa tangi kama mtu ananunua ng'ombe, akataja bei. Halafu akasema kama tungekuwa na historia yake yote, kutoka duka iliyoiuza mpaka leo, angeongeza karibu nusu ya hiyo bei tena. Wajomba zangu watatu walisikia hiyo sentensi wakakaa wima.

Ya pili ni maneno. Kwetu nduthi ina hadithi mbili. Tata, dada mkubwa wa mathe, husema guka alipewa na mzungu aliyekuwa akirudi kwao, zawadi ya kazi nzuri. Hiyo ndiyo hadithi ya nyumbani. Lakini kijijini kuna hadithi ingine, ile watu husema ukishapita. Wanasema guka alikuwa ngati. Kama hujalelewa huko, ngati ni wale askari wa nyumbani waliosimama na serikali ya mkoloni wakati wa hali ya hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuisha Januari 1960. Wengi wao walituzwa: vyeti vya uaminifu, leseni za biashara, mashamba. Kwa hivyo kijijini wanasema ile nduthi ilikuwa asante ya mkoloni kwa damu ya majirani.

Unaweza kusema ni porojo za wazee. Mwaka jana tukaenda ruracio ya binamu yangu. Watu wamekula, wamefurahi, mbuzi imeisha. Mzee mmoja wa upande ule mwingine akasema kwa sauti ya kutosha, "Hawa ni wale wa nduthi ya ngati." Cucu alikuwa ameketi mita mbili kutoka pale. Hakugeuka. Alirekebisha leso yake tu, akaendelea kuangalia mbele. Mimi nina miaka ishirini na mbili na hiyo kitu ilinichoma. Yeye amebeba hayo maneno karibu miaka sitini.

Kwa hivyo mjomba mkubwa aliposema, "Wewe si uko mtandaoni siku nzima, tafuta hiyo historia," nilikubali. Yeye alikuwa anawaza bei. Mimi nilikuwa nawaza ruracio.

Logibuku haikuwepo. Mchwa walishamalizana nayo kitambo. Sasa pahali pa kuanzia ni chuma chenyewe, kwa sababu nduthi kama hizi hubeba kitambulisho mwilini. Triumph ilipiga nambari mahali pawili: kwenye injini, upande wa kushoto chini ya silinda, na kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Zilipotoka kiwandani hizo nambari mbili zilifanana. Zikitofautiana leo, maanake mtu alibadilisha injini njiani. Haimaanishi ni ya wizi, lakini stori yake imeshonwa kutoka vitambaa viwili.

Fundi mmoja wa mtaani alinipa somo ambalo nawapa bure. Usitumie msasa. Usitumie brashi ya chuma. Chukua mafuta taa na mswaki mzee, sugua pole pole, upanguse. Halafu zima taa, ushike tochi ya simu kando kabisa, mwanga ulale juu ya chuma, nambari zitatupa kivuli zisomeke. Angalia pia kama mahali pale pamesagwa, ama kama herufi zinacheza, moja juu moja chini kuliko kawaida. Hiyo ni dalili kuna mtu alipita na nyundo yake. Yetu ilikuwa safi: T20, halafu tarakimu tano, juu na chini zinafanana. Nilipiga picha kumi na saba.

Kumbe huko Uingereza kuna watu kazi yao ni kutunza vitabu vya viwanda vilivyokufa. Kuna chama kinaitwa Vintage Motor Cycle Club, kilianzishwa 1946, na maktaba yao imehifadhi rekodi za viwanda vingi vya pikipiki, Triumph ikiwemo. Unawatumia nambari na picha, unalipa ada, wanatafuta kwenye kitabu cha kutumia mizigo siku gani hiyo nduthi ilitoka kiwandani na ilikuwa inaenda kwa nani.

Hebu fikiria hiyo kitu kwa dakika moja. Triumph ilianzishwa na Mjerumani, Siegfried Bettmann, aliyeanza na baiskeli. Pikipiki yao ya kwanza ikatoka 1902. Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakapiga Coventry na kiwanda kikaharibiwa, wakahamia kijiji cha Meriden. Mwaka wa 1951 kampuni ikauzwa kwa BSA, wapinzani wao. Mwaka wa 1973 wafanyakazi waliposikia Meriden inafungwa, wakakizingira kiwanda wakakataa kutoka, mwishowe wakakiendesha wenyewe kama ushirika mpaka 1983. Vita, kuuzwa, mgomo, kufilisika. Na katikati ya hiyo vurugu yote kuna watu waliona kile kitabu wakasema, hapana, hiki hakiendi jaani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Nduthi yetu ilitoka Meriden Septemba 1961. Ilikuwa inaenda kwa wakala, Nairobi.

Nikasoma tena: Septemba 1961. Hali ya hatari iliisha Januari 1960. Hiyo nduthi haikuwa hata imeundwa wakati ngati walikuwa wanapewa zawadi zao. Nilipigia mathe simu saa tano usiku nikipiga kelele.

Lakini mjomba wa pili ni mtu wa kupima maneno. Akaniambia, "Kijana, zawadi inaweza kuchelewa. Hiyo karatasi inasema ilikuja lini Nairobi. Haisemi ilifikaje hapa." Na manze, ako na point. Kiwanda kinajua duka tu. Duka ndiyo inajua mtu. Ilibidi nipate hiyo duka.

Hapa ndipo madigadi ya nyuma iliniokoa. Zamani wauzaji walikuwa wanabandika kijikaratasi chao kwenye nduthi, kama vile leo duka la magari linaweka stika yake kwa kioo. Chini ya vumbi na rangi iliyobambuka, tulipata herufi za dhahabu zilizofifia: nusu ya jina la familia, halafu "Victoria Street, Nairobi." Jina silitaji. Familia ilinikaribisha vizuri na ikaniomba hivyo.

Sasa tafuta Victoria Street kwa ramani ya simu. Haipo. Nairobi ilibadilisha majina: Government Road ndiyo Moi Avenue ya leo, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Sadler Street ikawa Koinange. Na Victoria Street ndiyo Tom Mboya, ile ile unayokanyagwa vidole ukikimbilia matatu za jioni. Jina la malkia likatoka, likaja la waziri aliyepigwa risasi mjini Julai 1969. Maelfu yetu tunapita hapo kila siku na hatujui kulikuwa na dirisha la kioo lenye Triumph zinang'aa.

Nilitembea Tom Mboya yote, pande zote mbili, siku mbili. Niliuliza wauza simu, wauza viatu, walinzi. Waliniangalia kama mkora anayejifanya mtalii. Mwishowe nikaenda Kirinyaga Road, kwa mafundi, kwa sababu fundi wa nduthi hasahau alikokuwa akinunua spea. Nikapata mzee mmoja, mikono myeusi ya oili ya miaka hamsini. Nilipomwonyesha picha ya stika akacheka. "Hawa? Hawa walikuwa wananikopesha plagi. Walifunga zamani. Lakini mtoto wao yuko Ngara. Anauza vigae vya bafu."

Ngara siendi mbali. Nikapanda mathree siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mhindi, mwembamba, miwani kwenye kamba. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia "Marahaba" kwa Kiswahili kisafi kuliko changu, akaniuliza nataka vigae vya rangi gani. Nikampa simu aangalie stika. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaita mfanyakazi amletee kiti. Si changu, chake.

Aliniambia duka ilikuwa ya baba yake na baba mdogo. Waliuza Triumph na baiskeli. Walifunga 1968. Hii ni historia tulipitishiwa haraka shuleni: 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na Wahindi ambao hawakuwa wamechukua uraia wakajikuta hawana uhakika kama watafanya biashara kesho. Wengi wakakimbilia Uingereza, mpaka Uingereza nayo Machi 1968 ikapitisha sheria yake ya kuwabana. Baba mdogo akaenda. Baba mtu akabaki, akageukia biashara ya vifaa vya nyumba. "Siku ya kufunga," akaniambia, "baba alisema tuuze kila kitu ila vitabu vya madeni. Alisema mtu aliyekulipa mpaka shilingi ya mwisho ana haki kitabu chake kisitupwe."

Nilimuuliza bado viko. Akainua mabega. "Viko juu ya dari. Mke wangu ananipigia kelele kila Diwali nivitoe."

Nilirudi Jumamosi. Vitabu vilikuwa kumi na moja, vikubwa kama meza ya kahawa, vinanuka karatasi na mavi ya popo. Nambari ya fremu ndiyo ilikuwa funguo yetu. Tulianza saa nne asubuhi, mimi upande huu, Mzee upande ule na kioo chake cha kukuza. Saa nane akasema, "Kijana. Njoo."

Mstari wa kwanza: Desemba 1961, nduthi mpya, imeuzwa kwa shamba la kahawa upande wa Thika. Mstari wa pili: Agosti 1963, imerudishwa dukani, shamba limebadilisha wenyewe. Hiyo ni miezi minne kabla ya uhuru. Mashamba mengi ya walowezi yalikuwa yanabadilisha mikono wakati huo. Mstari wa tatu: Februari 1964. Nduthi iliyotumika. Mnunuzi: jina la guka wangu, majina yote matatu, na kazi yake, karani wa kiwanda cha kahawa cha ushirika, Murang'a. Bei shilingi 1,200. Ametanguliza 300. Zilizobaki, shilingi 50 kila mwezi, miezi kumi na minane.

Lipa pole pole. 1964. Hebu wale wa boda wanisikie. Ile mambo ya deposit na kulipa kidogo kidogo, trakka ikionyesha uko wapi ukichelewa, haikuanza na nyinyi. Guka alikuwa ndani yake wiki chache baada ya uhuru. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na trakka. Alikuwa na mtu wa daftari ambaye angekuja mpaka nyumbani.

Nilikaa chini sakafuni. Hakupewa na mzungu. Hakutuzwa na mkoloni. Aliinunua, kwa pesa yake, na saini yake iko hapo, imeinama kidogo upande wa kulia, kama ya mathe.

Hapo ningesimama, hii ingekuwa stori tamu ya kumalizia na bendera. Lakini Mzee hakufunga kitabu. Alipeleka kidole chini kwenye orodha ya malipo. Mwezi wa kwanza mpaka wa sita, saini ya guka. Kuanzia wa saba saini haipo. Kila mstari karani ameandika kwa Kiingereza maneno mafupi, maana yake "kupitia mke wake." Wa saba, mke. Wa nane, mke. Wa tisa, mke. Mpaka wa kumi na nane, na chini yake mstari mwekundu, deni limekwisha.

Mara kumi na mbili. Na jina lake haliko hata mara moja.

Sikuweka hiyo kitu mtandaoni. Nilipanda gari ya Murang'a asubuhi iliyofuata nikamkuta cucu anachambua maharagwe uani. Sikutaka kumrukia na maswali. Nilikaa, nikachambua naye. Halafu nikamwonyesha picha kwa simu, nikamsomea. Nilipofika mwezi wa saba, akaacha maharagwe.

"Cucu, nani alilipa hizi?"

"Si umesoma? Mke."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Aliniambia guka alishikwa na kifua kikuu katikati ya 1964. Akalazwa miezi mingi, kazi ya ukarani ikapewa mtu mwingine akimngoja. Nduthi ilikuwa imefungiwa kwenye stoo. Barua ikaja kutoka dukani: ulipe au tuichukue, na zile ulizolipa hazirudi. Guka akasema waichukue tu. Cucu akasema hapana. Akauza maharagwe, akauza ndizi, akasuka viondo usiku kwa taa ya kibatari. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anapanda basi mpaka Nairobi na shilingi hamsini zimefungwa kwenye kona ya leso, mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye Tata, yule wa hadithi ya mzungu.

"Karani wa duka aliniuliza jina siku ya kwanza," akasema. "Nikamwambia. Akaandika mke."

"Na kwa nini hukuwahi kusema?"

Alifikiria. "Guka wako alipopona aliipanda, akaenda nayo kutafuta kazi, akapata. Mtu akipita juu ya nduthi, utasimama barabarani useme ni yako? Na hao wa ngati, ningewaambia nini? Sikuwa na karatasi."

Hiyo sentensi imekaa kwangu. Sikuwa na karatasi. Mwanamke alilipa theluthi mbili ya deni, shilingi 600 kati ya 900, halafu akaambiwa mezani pa watu kwamba hiyo mali ni ya damu, akanyamaza kwa sababu ushahidi ulikuwa kwenye dari la mtu Ngara.

Sasa hapa ndipo nataka tubishane, kwa sababu najua wengine wenu mtasema "poa, stori nzuri, mbona unaifanya siasa?"

Maoni yangu ni haya. Karatasi ni muhimu kuliko tunavyofikiria, na pia ni mwongo kuliko tunavyofikiria, yote mawili kwa wakati mmoja. Bila kile kitabu cha Meriden, guka angebaki ngati. Bila kile kitabu cha Ngara, angebaki mtu aliyepewa zawadi na mzungu, ambayo ukiiangalia vizuri pia ni matusi, ila tu yamevaa nguo nzuri. Lakini tungeamini kitabu peke yake, cucu angebaki "mke" milele. Karani hakudanganya. Aliandika tu kile alichoona kina maana. Ndiyo maana ukishapata karatasi, safari haijaisha. Lazima uibebe uipeleke kwa mtu aliye hai umuulize, hapa ulikuwepo?

Na sisi tunadhani tuko salama kwa sababu tuna kila kitu kwa simu. Haya. Mjumbe wa M-Pesa unaonyesha jina la nani wakati mathe wako anakutumia fare kwa simu ya buda? Ada yako ya shule ililipiwa kwa jina la nani? Hiyo TV, hiyo ploti, hiyo boda ya bro yako? Miaka sitini ijayo mjukuu wako atachimba hizo rekodi na atapata "mke" yake, imeandikwa kwa herufi za kisasa tu.

Wajomba waliitisha mkutano wa familia mwezi uliopita. Nilipanga karatasi zote mezani: barua ya Uingereza, picha za kitabu, nambari za fremu. Yule bwana wa Karen alikuwa amethibitisha bei mpya. Mjomba mkubwa akatoa hotuba. Alisema ni vizuri tuuze, tugawane, tukumbuke mzee kwa heshima. Kisha nikasoma ile orodha ya malipo kwa sauti, mwezi kwa mwezi. Nilipomaliza, hakuna mtu alikuwa anaangalia mwingine. Tata alikuwa analia kimya kimya.

Mjomba wa pili, yule wa kupima maneno, ndiye aligeuka akauliza, "Mama, wewe unasemaje?"

Cucu akasema, "Uzeni mkitaka. Lakini kwanza mnirudishie shilingi zangu mia sita."

Watu wakacheka. Halafu wakaona hachezi.

Mjomba mkubwa akatoa noti ya elfu moja kwa mfuko, akaiweka mezani, akasema chenji abaki nayo. Cucu akaisukuma nyuma kwa kidole kimoja. "Sio hizi. Zile."

Hakuna mtu ana hizo. Noti zenyewe ziliacha kutumika; zilikuwa za Afrika Mashariki, Kenya ilianza kuchapisha shilingi yake 1966. Na hata zingekuwepo, mnahesabuje mabasi kumi na mawili na mtoto mgongoni? Mjomba alijaribu kupiga hesabu kwa simu, mfumuko wa bei, sijui nini. Alifika mahali akaweka simu chini.

Nduthi haijauzwa. Bwana wa Karen aliambiwa tunaifikiria, na tutaifikiria kwa muda mrefu sana. Familia iliandika karatasi moja, tukasaini wote, wajomba kwanza: mwenye Tiger Cub ni cucu, majina yake yote matatu, na sababu imeelezwa kwa mistari minne. Nakala moja iko kwake ndani ya Biblia. Nyingine niliipeleka Ngara, na Mzee akaibandika kwa gundi ndani ya kile kitabu, pembeni ya mstari mwekundu. Alisema baba yake angependa hesabu ifungwe vizuri. Mke wake amekubali vitabu vikae mwaka mwingine.

Yule mzee wa ruracio? Tutakutana naye Desemba kwa harusi yenyewe. Mathe ameniomba nisilete fujo. Sitaleta fujo. Nitabeba tu nakala ya tatu.

Na nyinyi, kabla mwezi huu haujaisha, chagueni kitu kimoja pale nyumbani. Cherehani, redio, ng'ombe, shamba, chochote. Tafuteni nani alikiuza na nani alilipa. Mkipata karatasi, msiishie hapo. Msomeeni mtu mzima mmoja kwa sauti, pole pole, halafu mnyamaze muone ataacha kuchambua maharagwe akifika mstari gani.